Ramani Bila Doa Jekundu

Mujukuu wangu anaendesha piki kuliko wanaume wengi wa Ndosho, na hilo nitalisema hata mbele ya padri. Nimemulea mimi tangu ameacha ziwa, mama yake alipokwenda Bukavu kutafuta maisha. Alipokuwa mutoto alikuwa anakaa kutwa kwa mafundi, anarudi na mikono ya grisi, na watu wakasema nimuchape. Sikumuchapa. Nilimununulia sabuni ya kutoa grisi. Leo ni musichana wa miaka ishirini na ine, na shirika moja limemupa piki na sanduku la baridi la kufunga nyuma, anapeleka chanjo kwenye dispanseri za milimani, upande wa Rutshuru, fasi ambazo gari linakwama.

Majirani walikuwa wananiuliza: “Mama, huogopi?” Nilikuwa nawajibu: “Ogopeni nyinyi, wenu wanakaa mulangoni asubuhi mpaka jioni, ukuta utawaangukia.” Nilikuwa na mudomo. Naandika juu ya siku mudomo huo ulipokauka.

Kwenye usukani wa piki yake kuna fasi ya kukaza kitu kidogo, cheusi, kinene kuliko simu. Biro, ndiyo ofisi ya shirika lake, wanakiita GPS. Mimi nakiita kioo cha njia. Ukikiwasha unaona barabara kwa mustari wa njano, na mushale mudogo ambao ndio wewe mwenyewe, unatembea. Lakini barabara si kitu. Barabara ya Rutshuru mutoto anaijua. Kilichokuwa na kazi kwenye kioo kile ni madoa mekundu. Kila mara kabla ya safari, watu wa biro wanakusanya habari: hapa daraja limekwenda na maji, hapa wameweka kizuizi, hapa kwenye shamba la fulani kuna kitu cha vita kimebaki ndani ya udongo na hakijalipuka. Kila fasi ya namna hiyo wanaitia doa jekundu, kisha ramani mupya inaingizwa kwenye vioo vya wote wanaopanda piki.

Siku moja alinikalisha mimi Koko yake, ndiyo bibi yake, kwenye kitanda akanionyesha.

“Koko, ona. Hii nyekundu ni fasi ya kutokanyaga.”

“Zote hizi?”

“Zote.”

“Basi inchi imeota surua,” nikasema. Akacheka mpaka akalala chali. Yeye ndiye anayebeba chanjo ya surua.

Kioo hicho kilikuwa na kisirani chake. Saa sita ya muchana, jua likiwa kali, ndiyo saa yake ya kufifia, mpaka mutoto asimame, akitie kivuli kwa mukono, achungulie kama mutu anayechungulia ndani ya chungu. Alihangaika nacho siku nyingi. Alipandisha mwangaza, akakizima, akakiwasha, akashika kifungo mpaka kikafa kabisa na kufufuka, hakuna kitu. Mwisho akagundua ugonjwa hauko kwenye kioo, uko kwenye kiti chake. Kiti kile kina vijino vine vya shaba, kioo kinanyonya umeme wa piki kupitia hapo. Vumbi letu la Goma, lile jeusi la volkano linaloingia mpaka kwenye chumvi, lilikuwa limevifunika. Kioo kikikosa umeme wa piki kinakula batri yake chenyewe, na kikila cha kwake kinakuwa na uchoyo, kinapunguza mwanga. Akachukua kifutio cha shule, kile cha kufutia kalamu ya risasi, akasugua vijino mpaka vikang'aa. Tangu siku ile kifutio kinakaa kwenye mufuko wa koti lake, kando ya rozari.

Tena kuna jambo moja la kujua. Ndani ya muji hakiweki kwenye usukani. Pale Majengo, piki ikisimama kidogo tu kwenye fujo la magari, mukono unatoka usijue wapi, kioo kimekwenda. Kwa hiyo anakiweka kifuani, ndani ya koti, anakifunga kwenye kiti chake akishapita Kibati. Ndiyo maana siku ile hakukiangalia mpaka alipokuwa mbali nami.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Ilikuwa muchana, siku moja kabla ya safari. Alirudi na ordinateri, kompyuta ya biro, ya zamani, batri yake ilishakufa, inaishi kwa prizi tu. Ukitoa prizi inazimika palepale. Akaiweka kwenye meza yangu, akaunganisha kioo kwa waya, akaonyesha kamustari ka kijani kanakotambaa polepole kwenye ordinateri.

“Koko, ramani mupya inaingia. Hako kamustari kakifika mwisho, imemaliza. Nakwenda kanisani kwenye mazoezi ya koralé, nitarudi. Tafadhali, usiguse.”

“Kwani mimi ni mutoto?”

“Usiguse, Koko.”

Nikakaa na sombe yangu, majani ya muhogo, natwanga, jicho kwenye kamustari. Kalifika nusu. Ndipo taa ya nyumba ikaanza kutetemeka. Ikapungua ikawa nyekundu kama kaa la moto, ikapanda ikawa nyeupe, ikapungua tena. Mutu yeyote wa mutaa wetu anajua maana yake. Umeme wetu ukianza kuyumba hivyo unakwenda, na ukienda unarudi na hasira, unaunguza kila kitu kilicho kwenye ukuta. Ulishakula televizyon yangu. Ulikula friji ya jirani, moshi ukatoka mpaka mulangoni. Kwa hiyo hapa kwetu taa ikitetemeka, hata kama unaoga, unatoka na povu unakimbia kutoa prizi. Wamama wanaitana kwenye uzio: toeni prizi, toeni prizi. Siku ile niliwasikia, na mukono wangu ulikwisha kuwa kwenye ukuta kabla kichwa hakijafikiri. Nilivuta.

Ordinateri ikawa nyeusi. Taa haikuzimika. Ilitetemeka mara mbili tena, kisha ikatulia kama hakuna kilichotokea.

Nilisimama na prizi mukononi. Nikairudisha. Ordinateri haikusema kitu, nikaiacha. Lakini kioo cha njia chenyewe kiliwaka, kikaonyesha mistari yake ya njano, mizuri, minene. Nikakisogeza karibu na macho. Hakikuwa na doa jekundu hata moja.

Mimi nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa primeri. Nasoma Kiswahili cha kitabu cha misa, Kifaransa kinanipita. Nikajiambia: ramani mupya imeingia, na habari mupya ni kwamba wametoa vile vitu vyote, wamejenga madaraja, inchi imepona surua. Nilifurahi. Nilimwambia Mungu asante kwa sauti, pale pale, na mikono yangu ya sombe.

Aliporudi, mutaa muzima ulikuwa kwenye giza, umeme umekwenda kweli. Akashika kioo.

“Ilimaliza?”

Nilisema, “Ilimaliza.”

Neno moja. Ningeweza kumwambia taa ilitetemeka nikatoa prizi. Lakini alikuwa ameniambia mara mbili nisiguse, na mimi si mutu wa kuambiwa mara mbili. Nikaona hakuna haja.

Asubuhi alifunga sanduku, akaweka kioo kifuani, akavaa kofia. Nikamushika mukono kwenye mulango.

“Leo njia ni safi.”

“Nani amekuambia?”

“Nimeota.”

“Koko na ndoto zake,” akasema, akawasha piki.

Saa tatu hivi umeme ukarudi. Jirani yangu, mwanamuke anayeuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, akaja na simu yake kuichaji kwangu kama kila siku. Huyu alimaliza sekondari, anasoma Kifaransa kama maji. Nikataka kumuringia. Nikamwambia keti nikuonyeshe namna inchi ilivyopona. Nikabonyeza ordinateri fasi ambayo mutoto anabonyeza, ikawaka, ikafungua palepale ilipokuwa imefia. Hakukuwa na barabara. Kulikuwa na kisanduku cha maneno, na alama ya njano yenye pembe tatu.

“Soma,” nikamwambia.

Akasoma kimoyomoyo kwanza. Nikaona nyusi zake.

“Inasema kazi ilikatika katikati. Ramani haikuingia yote. Alama za zamani zimefutwa, za mupya hazijaandikwa. Inasema musitumie hiki chombo kwenye barabara mpaka muanze upya.”

“Soma tena.”

Akasoma tena. Maneno yalikuwa yale yale.

“Nani alikata?” akauliza.

“Umeme,” nikasema.

Nilikaa juu ya kiti kifupi cha mbele ya mbabula, jiko la makaa, na nilisikia baridi inaanza kwenye visigino kana kwamba nimesimama ndani ya ziwa. Surua haikupona. Ugonjwa ulikuwa palepale, ila mimi nilikuwa nimeufunika kwa kitambaa kizuri, na mutoto wangu alikuwa anatembea juu yake akiamini ni sakafu.

Nikapiga simu. Yule mwanamuke wa ndani ya simu, anayesema Kifaransa kwa upole, akaniambia kile anachosema kila siku. Mutoto hana rezo, simu haimupati. Nikapiga tena. Nikapiga mpaka kidole kikawa na jasho, kioo cha simu kikakataa kidole changu. Jirani akachukua simu, akaifuta kwenye kitambaa chake, akapiga yeye.

“Tupigie biro yao,” akasema.

“Watamufukuza kazi.”

Aliniangalia. Nikaona aibu, nikamwambia piga. Biro wakasema asante mama, wanamutafuta na wao, na wao hawamupati. Na kwamba asubuhi barabara kubwa imefungwa juu ya Kibati, wote wanarudishwa, labda mujukuu wako anarudi. Labda. Mimi namujua. Akiwa na chanjo ndani ya sanduku, na barafu inayeyuka, huyo harudi. Atauliza njia nyingine.

Nilitoka mulangoni kuangalia mulima. Wingu lilikuwa limeukalia, jeusi upande wa chini. Wamama wa mutaa walikuwa wanapita na madumu ya maji, wananisalimia, nawajibu, sijui niliwajibu nini. Mumoja akasema: “Mama leo umenyamaza, jogoo amekunyang'anya sauti?” Wengine wakacheka. Mimi nilikuwa naona muguu. Sijui kwa nini ni muguu tu, muguu mumoja ndani ya buti yake ile anayopaka rangi ya viatu kila siku ya Mungu, peke yake kwenye majani. Niliufukuza, ukarudi. Nilisema Salamu Maria, nikifika katikati, muguu upo.

Saa tano na nusu simu ikalia. Ni yeye.

“Koko, nimepanda juu ya jiwe ndiyo napata rezo, sikiliza haraka. Uko karibu na ordinateri?”

“Niko.”

“Barabara kubwa imefungwa. Wamenitupa huku chini, njia siijui. Nimeweka kioo, hakina nyekundu. Hata moja. Nimekizima, nimekiwasha, nimeshika kifungo mpaka kikafa, kinarudi vile vile. Nimetoa kadi, nimeifuta, nimerudisha. Njia ndogo hazimo, mushale wangu uko peke yake kwenye ukurasa mutupu. Angalia ordinateri inasema nini.”

“Inasema haikumaliza.”

Nilisikia upepo kwenye simu yake.

“Jana ulisema ilimaliza.”

“Umeme uliyumba.”

“Koko. Ulitoa prizi?”

Jirani yangu alikuwa amesimama pale, simu yake ikichaji kwangu, ananisikiliza. Kesho angeuza habari hiyo pamoja na sambaza.

“Nilitoa,” nikasema. “Nilitoa prizi, kisha nikakuambia bongo, nikakudanganya. Hiyo ramani ni ya uongo, mama. Usiifuate. Usikanyage kitu.”

Hakunitukana. Ingekuwa heri. Akasema polepole, “Sawa. Kumbe ndiyo hiyo.” Kisha: “Mbele yangu njia ni mbili. Moja kushoto kwenye majani, moja kulia kwenye mawe meusi. Sijui ipi.”

Hapo moyo wangu uliruka, kwa sababu njia panda hiyo ya chini ya barabara naijua. Nilizaliwa upande ule. Kabla ya kuja Goma, nilipita njia hizo na gunia la maharagi kichwani na mama yake mugongoni.

“Unaona kanisa la mabati?” nikamuuliza. “Na mikaratusi mitatu?”

“Bado sijaona.”

“Iko mbele kidogo. Chukua kushoto. Kushoto inapita nyuma ya kanisa, inatokea sokoni. Nimeipita mara mia.”

“Una hakika?”

“Mimi nikupoteze?”

Nikamusikia anashuka kwenye jiwe, rezo haikukatika, piki ikawaka. Nikasikia anaingiza gia. Kisha injini ikapungua, ikatulia.

“Koko, hapa hakuna kanisa. Hakuna muti hata mumoja. Ni mawe ya volkano, yameshuka mpaka chini.”

Lava ilikuwa imepita hapo. Nilijua ilipita, sote wa Goma tulikimbia usiku ule mulima ulipotapika. Lakini ndani ya kichwa changu kanisa lilibaki limesimama na mikaratusi yake, na nilikuwa nimemutuma mutoto akazunguke nyuma ya kanisa ambalo limekuwa jiwe. Ramani yangu ilikuwa ya zamani kuliko ile niliyoiua.

“Zima piki,” nikamwambia. “Sijui, mama. Mimi sijui tena huko. Zima, usiweke muguu chini pembeni, simama katikati palipokanyagwa.”

Nadhani ilikuwa mara ya kwanza anisikie nikisema sijui. Alizima.

Nikasikia mulio mwingine kwa mbali, ule wa mbao zinazolia juu ya mawe. Chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, inashuka. Mujukuu wangu hakukata simu, kwa hiyo nilisikia yote.

“Weye dada,” sauti ya mwanaume, anahema, “unatafuta nini hapo na hiyo televizyon?”

“Natafuta njia, papa.”

“Hiyo televizyon haikuonyeshi?”

“Imelala leo.”

“Basi ina akili kuliko batu.” Akacheka mwenyewe. “Unaenda wapi?”

Akamutajia dispanseri.

“Na ulitaka kupita wapi?”

“Kushoto. Koko yangu anasema kushoto inatokea sokoni.”

Yule mwanaume akaacha kucheka. “Koko yako yuko wapi?”

“Ndosho.”

“Umuambie akae kwa Ndosho. Kushoto ng'ombe ya mutu ilikanyaga kitu juzi, hata pembe hatukuziona. Shamba lile hakuna mwenye kuingia, hata sisi. Angalia chini hapa. Unaona mustari wa gurudumu yangu kwenye majivu? Mimi nimetoka huko unakokwenda, na viazi hivi, asubuhi hii. Fuata mustari wangu kulia. Ukipanda, panda. Ukizunguka jiwe, zunguka. Gurudumu yako iingie kwenye yangu. Usitoke mpaka uone wamama wanachoma mahindi, hapo ni barabara.”

“Asante, papa.”

“Enda haraka. Mvua ikishuka, mustari hakuna.”

Kisha akasema ndani ya simu, nadhani alipewa: “Koko, uko hai? Mutoto wako ni hodari. Lakini weye usimuongoze.”

Nikasema, “Ndiyo, papa.” Mimi, kwa mutu wa chukudu, ndiyo papa.

Rezo ikakatika palepale.

Sijui namna ya kuandika masaa mawili na zaidi yaliyofuata. Sombe niliyobandika asubuhi ilikuwa imeungua kwenye mbabula, nilinusa nikaiacha iungue. Jirani alikaa nami, aliacha biashara yake ya sambaza kwenye jua, na hilo sitalisahau. Niliangalia mulima tu. Lile wingu lilikuwa linateremka, na chini yake kulikuwa na ule ukungu wa kijivu unaonyooka kama nywele, ambao ni mvua. Ninajua majivu yetu. Yakiwa makavu yanashika alama hata ya muguu wa kuku. Tone la kwanza linatoboa, la kumi linafuta. Mutoto wangu alikuwa anafuata alama nyembamba kama uzi, na nyuma yake wingu linakunja uzi huo. Nikaomba kitu cha kijinga. Nikaomba mvua ije kwetu, ije Ndosho, iingie kwangu, ipite kwenye mabati, ilowanishe kitanda.

“Ataona njia,” jirani akasema.

“Usiseme.”

“Nisiseme nini?”

“Usiseme kitu ambacho hujui. Mimi nimesema vya kutosha kwa sisi wawili.”

Akachukua mukono wangu, tukakaa hivyo kama wasichana.

Saa nane na dakika kidogo simu ikatikisika juu ya meza. Ulikuwa ujumbe, jirani akausoma: Nimefika. Mvua ilinikuta kwa wamama wa mahindi.

Nililia vibaya, kwa sauti, na kamasi. Majirani walikuja wakidhani kuna kifo.

Alirudi jioni, jua bado liko, kwa barabara kubwa ambayo ilikuwa imefunguliwa. Matope yalimufika kwenye mapaja. Nilihesabu miguu yake alipokuwa anashuka kwenye piki: mumoja, wa pili. Hakunisalimia kwanza. Aliosha uso, akala bugali aliyoletewa na jirani maana yangu haikupikwa, kisha akatoa kifutio chake, akaanza kusugua vile vijino vya shaba, kimoja baada ya kingine. Nilikaa mbele yake kama mwanafunzi aliyechelewa.

“Prizi si kitu,” akasema bila kuinua macho. “Hata mimi ningetoa. Hapa wote wanatoa. Lakini nilikuuliza, Koko. Nilikuuliza ilimaliza?”

“Uliniuliza.”

“Ningejua, ningekaa hapa. Au ningekwenda na ramani ya karatasi.”

“Najua.”

“Na ile kushoto?”

Prizi niliitoa kwa mazoea, bongo niliisema kwa kiburi, lakini kushoto niliisema kwa mapenzi, kwa roho yote, na hiyo ndiyo ingemuua. Ukitaka kujua ninachoogopa siku hizi, si barabara. Ni sauti yangu mwenyewe ikiwa na hakika.

Kesho yake tulianza upya. Alikwenda kwa fundi wa Ndosho akaazima batri kubwa ya gari na kile kisanduku kinachogeuza umeme wake uweze kuingia kwenye ordinateri, ili kamustari kasitegemee ukuta. Nilikaa na kamustari ka kijani mbele yangu saa nzima na nusu, mikono chini ya mapaja. Taa ya nyumba ilitetemeka. Wamama wakaitana kwenye uzio, toeni prizi. Mwili wangu ulinyanyuka wenyewe, nikaukalisha. Kamustari kalifika mwisho. Hata hapo sikusema imemaliza. Nilimwita aje aone kwa macho yake.

Siku hizi kila asubuhi ya safari, kabla hajaweka kioo kifuani, anakiwasha na kukigeuza kwangu mulangoni. Jua likiwa limetoka nakitia kivuli kwa mikono miwili. Ninatafuta nyekundu. Nikiziona nyingi ninaogopa, na nikiziona chache ninaogopa zaidi, lakini anajua haondoki mpaka niseme nimeziona.

Asubuhi ya kwanza baada ya siku ile, nilizipitia kwa kidole. Ile surua ilikuwa imerudi yote, na juu kidogo ya mawe ya volkano kulikuwa na doa mupya, upande wa kushoto wa ile njia panda. Yeye ndiye aliyewaambia biro waliweke. Kila doa lina jina lake dogo pembeni, la daraja, la shamba, la mutu aliyeleta habari, ili wenzake wanaopanda piki walitambue. Hilo lilikuwa na herufi ine tu, na hizo hata mimi wa mwaka wa tatu nazisoma: KOKO.

“Wote wameliona hili?” nikamuuliza. “Biro nzima?”

“Wote. Wananiambia, mwiko kukata kushoto kwa Koko.”

Alikuwa anajizuia kucheka, mudomo wake unatetemeka ndani ya kofia. Nilitaka kumujibu kitu kikali, nilikuwa nacho tayari kwenye ulimi. Nikaangalia buti zake mbili juu ya vikanyagio vya piki.

“Wasilifute,” nikasema. “Enda.”